Godoro la Bi Swaumu

Mimi si mtu wa kuomba. Nikiishiwa chumvi napika bila chumvi, na mume wangu Wenceslaus anakula bila kuuliza, maana ananijua. Kwa hiyo anayetaka kujua ilikuwaje nikasafiri mpaka Chemchem, Tabora mjini, kwenda kumnyenyekea mtu, ajue kwanza kwamba nilikuwa nakosa hewa.

Hewa ilikuwa inakatwa na goita, uvimbe wa tezi ya shingoni. Ilianza ndogo, nikaifunika kwa kitambaa, wagonjwa wakadhani ni urembo. Ikakua. Mwishowe nikilala chali inanikaba, nikawa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta, na Wenceslaus naye halali, ananisikiliza ninavyokoroma. Daktari wa Tabora aliitazama picha akasema inayoonekana si tatizo, tatizo ni ile iliyoshukia ndani, inalibana bomba la hewa. Madaktari bingwa wa upasuaji walikuwa wanakuja mkoani kwa juma moja mwezi wa saba, na jina langu akaliingiza. Nikiwakosa hao nisubiri waje tena, na hakuna aliyejua watakuja lini. Akaniambia wazi kwamba naweza kukabwa usingizini kabla ya hapo. Akaniambia na lingine: mshipa wa sauti unapita pale pale, na wapo watu wanaoamka na sauti ya kunong'ona, na wachache haiwarudii kabisa.

Hilo la sauti liliniuma kuliko kisu chenyewe. Kwenye zahanati yetu sauti yangu ndiyo nyundo na msumeno. Kwa sauti hii nimewafukuza wanaume waliomletea mama mjamzito dawa za kienyeji, nimewaamsha watu usiku kubeba machela, na nimewafundisha kunawa mikono watu waliokuwa wananawa macho tu.

Zahanati hiyo iko ndani ndani ya Urambo, katikati ya mashamba ya tumbaku. Mimi ndiye muuguzi mkunga wake, ndiye mganga mfawidhi wake, na siku nyingine ndiye mfagiaji wake. Msaidizi wangu ni Maua, mhudumu wa afya, mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Anafunga vidonda, anapima watoto uzito, analitunza friji la chanjo kama mtoto wake. Lakini kuzalisha haruhusiwi, na dawa hawezi kuandika. Nikiondoka mimi, mlango unafungwa. Na mwaka ule kina mama wa kijiji walikuwa kama wamepeana ahadi. Kila njia unayopita unakutana na tumbo linakuja.

Mganga mkuu wa wilaya alinisikiliza vizuri, sitamsema vibaya. Alifungua mikono akasema mtumishi wa kunipa hana, maana hata mapengo aliyonayo hajayaziba. Lakini nikimpata mtu mwenye leseni hai, awe mstaafu, awe wa kujitolea, aje naye, na barua ya ruhusa itatoka siku hiyo hiyo. Nikamshukuru, nikatoka kumtafuta huyo mtu.

Muuguzi wa zahanati jirani alikuwa yeye mwenyewe yuko likizo ya uzazi. Kijana mmoja aliyehitimu na kukaa bila ajira alikubali kwa furaha, akafunga begi, halafu ajira yake ikatoka Katavi, akaenda. Simlaumu. Mwingine alitaka kwanza kujua kama kuna mtandao wa simu, nikamwambia upo ukipanda juu ya kichuguu, akakata simu. Akabaki mtu mmoja tu kichwani mwangu, na huyo nilikuwa namkwepa kwa makusudi. Alikuwa Bi Swaumu.

Bi Swaumu ni mkunga mstaafu. Nilimkuta wodini Tabora nikiwa mwanafunzi. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kabila langu. Nikasema Mnyamwezi. Akasema basi hiyo ndiyo marahaba ya mwisho, maana yeye ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. "Babu yako alimbebea babu yangu mkeka kutoka pwani mpaka hapa," akaniambia mbele ya wagonjwa. "Na wewe shika hilo beseni." Nikamjibu kwamba babu yake alikuja huku akasahau njia ya kurudi, wakamwonea huruma, ndiyo maana mpaka leo wapo Chemchem. Wodi nzima ikacheka. Tangu siku hiyo, kwa miaka yote hiyo, hatujawahi kusemezana neno la heshima. Ananiita mpagazi, namwita mpotevu, na tukikutana sokoni watu wasiotujua wanasogea pembeni wakidhani ngumi zinafuata.

Na utani si maneno tu. Baba yangu alipofariki, Bi Swaumu ndiye aliyeingia uani kabla ya ndugu wengine wengi. Alilivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akazunguka akichechemea vile vile alivyochechemea mzee, akiuliza kwa sauti yake ya puani nani amemaliza ugoro wake. Nilicheka huku kamasi zinanitoka. Akaliziba kaburi kwa mwili wake mpaka alipopewa kuku, halafu akaingia jikoni akapika msiba wote, na hakulala. Nisingeweza kuupita msiba ule bila yeye. Sikumwambia hivyo, maana mtani hashukuriwi.

Sasa nilimkwepa kwa nini? Kwa sababu jambo hili lilikuwa zito. Niliona siwezi kwenda kucheka na kumwambia mtu aache nyumba yake, aje kijijini kulala kwenye vumbi la tumbaku kwa wiki kadhaa, bure. Nikajiambia, Koleta, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Safari hii nikainama kweli.

Nilivaa gauni la kanisani. Nikafika Chemchem mchana, nikavua viatu mlangoni, nikaketi kwenye mkeka, nikasema, "Shikamoo, Mama." Nikampa pole na shughuli. Nikaeleza ugonjwa wangu kwa mpangilio, kama mtu anayekabidhi zamu: ulipoanza, alichosema daktari, tarehe, zahanati, kina mama. Nikamwomba kwa unyenyekevu, kama ataona inafaa, na kama afya yake inaruhusu.

Hakuitika hata ile shikamoo. Alinitazama, uso wake ukafunga kama duka saa ya swala. Akasema mgongo wake mbovu. Akasema hawezi. Akasimama, akaingia chumbani, na mkwe wake Adinani, fundi cherehani aliyekuwa anashona barazani, akanisindikiza mpaka barabarani akiona haya kwa niaba ya nyumba nzima. Chai sikupewa. Kwa Bi Swaumu hata anayekuja kudai hupewa chai.

Niliyoyasema juu ya Wazaramo ndani ya basi la kurudi Urambo sitayaandika. Mama aliyekaa karibu yangu alihama kiti.

Nyumbani nilimkuta Wenceslaus uani, anachambua tumbaku, anapanga majani kwa madaraja. Yeye ni mtu wa maneno machache. Nadhani Mungu alipotuoanisha alikuwa anasawazisha. Nikamwambia basi, imeshindikana. Sitakwenda kwenye upasuaji. Nitawasubiri madaktari watakapokuja tena, na kama ni kufa, nitakufa nikiwa kazini, na wakunga wa Chemchem waje kula ubwabwa wa msiba. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu: nilimwombaje.

Nikamweleza. Nilipofika kwenye shikamoo, mikono yake ikaacha majani.

"Ulimwamkia Bi Swaumu?"

"Nilimwamkia. Kwa heshima zote."

"Koleta," akasema taratibu, "mtani haombwi. Mtani unachukua chake, naye anakifuata. Wewe umekwenda kumfanya mtu baki."

Nilimwambia hayo ni mambo ya zamani, na kwamba huu ni ugonjwa, si mchezo wa msibani. Hakubishana. Asubuhi akavaa shati safi, akasema anakwenda Tabora kuulizia bei ya mbolea. Mbolea, mwezi wa saba, kiangazi. Nami nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuushika uongo huo.

Alirudi jioni ya siku iliyofuata. Nilisikia pikipiki, nikasikia watoto wanashangilia, nikatoka nje. Nyuma ya dereva alikaa mume wangu, na nyuma yake, limeviringishwa na kufungwa kwa kamba za katani, limesimama juu kupita vichwa vyao, lilikuwa godoro. Si godoro la hivi hivi. Nililijua. Lilikuwa lile nene la rangi ya zambarau ambalo mtoto wa Bi Swaumu alimletea kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya mgongo wake, ambalo hata wajukuu hawaruhusiwi kulikalia.

Nilishika kichwa. Nilimwita mwizi, nikataja majina ya watakatifu wote wanaohusika na wezi. Yeye alilibeba mpaka nyumba ndogo ya watumishi karibu na zahanati, akalitandika, akaja kunisimulia, na ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo. Kwamba alimkuta Bi Swaumu anasonga ugali. Kwamba hakusalimia, alisema kumbe Wazaramo siku hizi wanajua kupika. Kwamba akapita moja kwa moja hadi chumbani, akaliviringisha godoro, akatoka nalo. Bi Swaumu akamzibia mlango, mwiko mkononi, akamuuliza anapeleka wapi godoro lake. Akamjibu kwamba linakwenda kupumzika Urambo, na mwenyewe akishikwa na usingizi anajua njia. Adinani alitaka kuita polisi. Bi Swaumu akamgeukia mkwe wake akamwambia akae chini, huyo si mwizi, huyo ni mtani, na atalipa.

"Alikuwa anacheka?" nikauliza.

Wenceslaus akafikiri. "Alikuwa analia," akasema. "Lakini alinisogelea akakaza kamba, maana nilikuwa nimefunga vibaya."

Siku zikapita kimya. Tarehe yangu ikawa inakaribia. Kila pikipiki niliyoisikia ilinitoa mlangoni, na kila mara alikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeanza kupanga jinsi ya kulirudisha godoro na kuomba radhi, nikiwa namchoma mtoto chanjo, niliposikia kelele barabarani. Mtu alikuwa anauliza kwa sauti ya kujaza bonde, nyumba ya wapagazi wezi iko wapi.

Bi Swaumu alishuka na begi, na kipimo chake cha presha kwenye mfuko wake, na gauni jeupe la kazi limening'inizwa kwenye hanga kama bwana harusi. Hakunitazama. Alikwenda kwanza kuliangalia godoro, akalibonyeza huku na huku, akasema limenuka tumbaku na sasa haliwezi kurudi mjini, watu watamdhani anavuta. Kwa hiyo atakaa nalo hapa hapa mpaka harufu itoke. Kisha akanyoosha kiganja mbele yangu.

"Funguo," akasema.

Nikamwambia kuna mambo ya ruhusa, ya leseni. Akachomoa barua kwenye mkoba. Alikuwa ameshapita kwa mganga mkuu wa wilaya. Leseni yake haikuwahi kulala, kwa kuwa alikuwa bado anasaidia siku mbili tatu kwenye kliniki moja ya binafsi mjini. Siku zile nilizodhani amekaa kimya alikuwa anaaga huko na kupanga mtu wa kumshikia zamu, ili naye asiwaache wagonjwa wake mikononi mwa upepo. Ili mimi niondoke, watu wawili walibadilishiwa zamu, na Adinani akabaki na wajukuu.

Nilimkabidhi zahanati jioni nzima. Nilimwonyesha friji na tabia zake, dawa ya kuzuia damu na mahali inapokaa. Nilimwambia habari za Pelagia, aliyepasuliwa uzazi uliopita, asithubutu kumsubiri, ampeleke hospitali mapema. Za Zuena, mke wa fundi baiskeli, ambaye presha yake inapanda na yeye anaificha kwa kutabasamu. Za mzee Revocatus anayedai dawa za kifua anazompelekea mbuzi wake. Niliongea, nikaongea, hewa ikaniishia, nikawa nimeshika meza.

"Unanikabidhi zahanati au unanikabidhi nchi?" akasema. "Njoo hapa."

Akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa. Akasimama nyuma yangu, akanifungua kitambaa, akaipapasa ile goita kwa vidole vyake viwili viwili kama alivyonifundisha kupapasa tumbo la mama. Ndipo aliposema, bila utani, na hiyo ndiyo mara pekee.

Alisema kwamba zamani wodini alikuwa na mtani wake, Doto, Mnyamwezi wa Nzega. Walitukanana ujana wao wote. Doto akaugua, akalazwa, na Bi Swaumu akawa anakwenda kila siku kumtukana ili apate nguvu ya kujibu. Asubuhi moja Doto akamshika mkono akamwambia, "Shikamoo, dada. Ahsante kwa yote." Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshakata roho.

"Ulipokaa kwenye mkeka wangu ukaniamkia," akasema, "nikajua unaniaga. Nilikukimbia. Nilikaa chumbani nimeziba masikio. Alipokuja yule mumeo kuniibia, ndipo nikajua hamjakata tamaa."

Nililia, naye akanifunga kitambaa changu, akakaza kidogo kuliko ilivyopasa, akaniambia niende nikapakie, wapagazi hawachelewi safari.

Nilikwenda. Juu ya upasuaji nina machache, kwa sababu ya nusukaputi. Nilihesabu kidogo, nikaamka jioni. Kitu cha kwanza nilichokijua ni kwamba nimelala chali. Chali kabisa, na hewa inaingia na kutoka kama haijawahi kugombana na mimi. Nilimtazama Wenceslaus pembeni ya kitanda nikataka kumwambia. Mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu. Upepo tu.

Daktari alikuja akasema mshipa umeguswa, haujakatwa, na huenda sauti ikarudi baada ya wiki kadhaa. Nikamwonyesha kwa mikono: na isiporudi? Akasema tusubiri. Wagonjwa nimewaambia "tusubiri" maisha yangu yote, sikujua ni neno bovu namna hiyo.

Bi Swaumu alikuwa anapiga simu kila jioni, juu ya kichuguu. Wenceslaus anaweka simu kifuani pangu, kwa sauti kubwa, na wodi nzima inanyamaza kusikiliza. Anaanza na matusi: kwamba sasa nimekuwa mke anayefaa, kwamba wanaume wa Urambo nzima wanauliza daktari huyo anapatikana wapi. Kisha anatoa habari. Zuena amejifungua salama, presha ilipanda, ilishushwa. Pelagia alipelekwa hospitali mapema kama nilivyosema, amepasuliwa, yeye na mtoto wazima. Mimi kazi yangu ni kugonga simu kwa ukucha, kuonyesha kwamba nipo. Siku moja alinyamaza katikati ya tusi, nikasikia upepo wa kichuguuni, akasema, "Gonga tena." Nikagonga.

Niliporudi kijijini nilikuwa mzima wa kila kitu isipokuwa hicho. Nilishuka kwenye pikipiki nikakuta zahanati imejaa. Sikuelewa kwanza. Siku za kliniki huwa nazunguka na kipaza sauti kuwatisha kina mama, na nusu yao hawaji. Maua akanieleza, na kwa mara ya kwanza akawa na maneno mengi. Bi Swaumu alikuwa anapita nyumbani kwa kila aliyekosa kliniki, anaingia jikoni kwa haki yake ya utani, anaondoka na mwiko. Anayetaka kusonga ugali aje na mtoto na kadi. Ilifanya kazi kwa Wanyamwezi wote. Ilishindwa kwa mwalimu mmoja kutoka Bukoba, ambaye hakuwahi kusikia habari hizo na akaja na mwenyekiti wa kijiji kushtaki wizi. Bi Swaumu akamrudishia mwiko wake, akaomba radhi, akaongeza na kipande cha sabuni. Mtoto wa mwalimu naye akachanjwa hapo hapo, kwa kuwa alikuwa ameshafika.

Nitasema ukweli, moyo uliniuma kidogo. Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba nikigeuka tu watu watakufa. Nilikuwa nimeubeba mlango ule mgongoni, sikwenda likizo, sikwenda harusi ya mdogo wangu, na sasa nilikuwa nimesimama uani watu wananisalimia mwangaluka kwa furaha, wazima, wameshiba, na watoto wamepimwa. Uchungu ule ulikaa labda muda wa kunywa uji. Baada yake ilikuja shukrani, na hiyo haijaondoka mpaka leo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliotutangulia, na mimi nilipona mara mbili: nilipona shingo, na nilipona kujidhania.

Barua yake ya ruhusa ilikuwa imekaribia kwisha. Akaenda wilayani mwenyewe akaomba iongezwe, kwa sababu muuguzi asiye na sauti hawezi kumwambia mama asukume. Akabaki. Wiki zikawa zinakwenda. Mimi nakaa kwenye benchi la nje pamoja na wagonjwa, napanga kadi, nakunja pamba, na kila asubuhi kabla hawajafika watu najaribu kusema jina langu. Upepo. Wenceslaus alianza kunizoea hivyo, akawa anasoma midomo. Mimi sikujizoea. Usiku nilikuwa nalala chali, napumua vizuri, nalia bila sauti.

Basi siku moja ya kliniki, Bi Swaumu alikuwa anawafundisha kina mama lishe, mtoto wa mtu mkononi, tayari kumweka kwenye mzani. Na kama kawaida yake lishe ikageuka historia. Akasema Wanyamwezi walikuwa hawajui kula mpaka babu yake alipofika na msafara. Kwamba alizunguka Unyanyembe nzima akiwafundisha watu kuwasha jiko, na kwamba walimsihi kwa machozi asirudi pwani, wasije wakafa njaa. Kina mama wanacheka. Nami nilikuwa na pamba mkononi, na hasira ikanipanda kutoka tumboni, ile hasira yangu ya zamani, ya wodini.

"Mwongo," nikasema. "Alikuja na njaa. Tulimpa matobolwa ya viazi, ndiyo maana hakurudi."

Sauti ilitoka imekwaruza, kama mlango wa bani la kukaushia tumbaku. Lakini ilitoka. Kicheko kikakatika. Maua akaacha kuandika. Nilishika shingo kwa mikono miwili kama ninayeogopa isije ikadondoka.

Bi Swaumu hakugeuka upesi. Alimpa Maua yule mtoto. Akaja kwenye benchi, akakaa karibu yangu, akajifunika uso kwa kanga yake, na mabega yakawa yanatetemeka. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kumwambia: leseni, zamu, wajukuu, kichuguu, Zuena, Pelagia, baba yangu. Akanyoosha kidole bila kufunua uso.

"Usithubutu," akasema.

Nikaufunga mdomo. Akajifuta, akamshukuru Mungu wake kwa Kiarabu, taratibu, mara nyingi. Kisha akanigeukia.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Kwamba babu yangu alikuwa na njaa."

Nikasema tena, kwa sauti, mpaka waliokuwa nje ya uzio wakasikia.